Sinema Kabla ya Bando

Watu husema video darasani ni mambo ya juzi, ya YouTube na ile korona ya 2020, shule zilipofungwa na vipindi vikahamia redioni na mtandaoni. Wapi! Mwaka 1935 Waingereza walikuwa tayari Vugiri, huko Usambara, wakitengeneza filamu za kumfunza Mwafrika kilimo, minyoo ya safura na kuweka akiba posta. Hadi 1937 walikuwa nazo 35, wakazizungusha mpaka Kenya. Kazi ya mtazamaji ilikuwa kukaa na kufunzwa.

Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe, ati mifugo inamaliza udongo. Bei ilikuwa ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kilihitaji ng'ombe. Muindi Mbingu na wenzake zaidi ya elfu moja, wanawake na watoto wakiwemo, wakaenda Nairobi, wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa wakimdai gavana. Mbingu akahamishiwa Lamu, lakini serikali ikarudi nyuma.

Video nyingi za Masomo ya Jamii bado ni kitabu kinachosomwa kwa sauti. Mtoto anakaa, anafunzwa, bando linaisha. Mimi ningempa simu ya mwalimu aende kwa wajukuu wa walioandamana, awarekodi kwa Kikamba: nyumbani kwao walichukuliwa ng'ombe wangapi, na ni wangapi walirudi? Achaji simu kwanza, maana wazee wakianza hawanyamazi.