Kilima cha Nsambya na Masaza Yaliyopotea

Mwaka 1895 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwapa mapadri wa Mill Hill, waliotoka Uingereza chini ya Askofu Henry Hanlon, kilima cha Nsambya. Zawadi ile ilitokana na vita. Januari 1892 Waganda Wakatoliki na Waganda Waprotestanti walipigana Mengo, mji mkuu wa Buganda, upande mmoja ukiitwa Wafaransa na wa pili Waingereza kwa sababu ya wamisionari wao. Kapteni Frederick Lugard aliwasaidia Waprotestanti, na Wakatoliki walioshindwa wakapewa saza, yaani jimbo, la Buddu. Kuja kwa mapadri Waingereza Nsambya kulikusudiwa kuonyesha kwamba mtu aweza kuwa Mkatoliki bila kuwa mfuasi wa Ufaransa.

Lakini amani ya Mengo ilihitaji ardhi. Kila upande ulikuwa na wakuu waliotaka masaza ya kutawala, na ndani ya Buganda masaza hayakutosha. Ardhi hiyo ilitafutwa kaskazini, kwa jirani.

Desemba 1893 Kanali Henry Colvile, kaimu kamishna wa Uingereza, aliivamia Bunyoro, ufalme wa Mukama Kabalega. Alikuwa na askari wa Kisudani na jeshi la Waganda zaidi ya elfu kumi, likiongozwa na Semei Kakungulu. Mwaka 1894, kama malipo ya msaada huo, Colvile aliahidi kuwa nchi yote ya Bunyoro iliyo kusini mwa mto Kafu itakuwa ya Buganda. Wakuu wa Kiganda, Wakatoliki kwa Waprotestanti, wakagawana. Kakungulu mwenyewe akawa mkuu wa Bugerere. Kamishna Ernest Berkeley alipoithibitisha ahadi hiyo mwaka 1896, maofisa wawili Waingereza waliokuwa Bunyoro, Pulteney na Forster, walijiuzulu. Walikuwa wameona kwa macho yao kwamba wakazi wa nchi ile ni Wanyoro, na kwamba humo ndimo yalimo makaburi ya wafalme wao.

Kabalega alikamatwa Aprili 1899 pamoja na Mwanga, ambaye naye alikuwa amewaasi Waingereza, wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Tarehe 10 Machi 1900 Kamishna Harry Johnston na wasimamizi watatu wa Kabaka mtoto Daudi Chwa, yaani Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, walitia sahihi Mkataba wa Uganda. Mkataba uliandika mpaka mpya na kuhesabu masaza 20 ya Buganda, yale ya Bunyoro yakiwemo. Ukawatengea wakuu na watu binafsi maili za mraba 8,000 za ardhi ya mailo, yaani mali ya kudumu yenye hati, na misheni zote pamoja maili za mraba 92. Hivyo karatasi ile ile iliyozipa misheni ardhi, misheni ya Nsambya ikiwemo, ndiyo iliyomfanya mkulima Mnyoro wa Buyaga kuwa mpangaji kwenye shamba la babu yake.

Nsambya ilistawi. Mwaka 1903 Mama Kevin na watawa wenzake walianzisha pale zahanati iliyokuja kuwa hospitali mashuhuri. Baadaye zikajengwa nyumba za wafanyakazi wa reli na kambi ya polisi, na Kiswahili kikapata makao kilimani, kwa kuwa watu wa reli na wa polisi walitoka kila pembe ya Afrika Mashariki.

Katika masaza yale yaliyopotea, yaliyotwaliwa kutoka Bunyoro, Wanyoro walihukumiwa kwa Kiganda, wakasomeshwa kwa Kiganda na kusali kwa Kiganda. Mwaka 1907, ndani ya Bunyoro iliyobaki, machifu waliwakataa wakuu wa Kiganda waliowekwa juu yao. Tukio hilo likaitwa Nyangire Abaganda, "nimewakataa Waganda". Serikali ya kikoloni ililizima. Wanyoro wa Mubende waliunda kamati yao, na Mukama Tito Winyi IV akapeleka maombi Uingereza mara kadhaa, kila mara akijibiwa kwamba jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Uhuru ulipokaribia, tume ya Lord Molson ilipendekeza masaza mawili, Buyaga na Bugangaizi, yarudi Bunyoro, kwa kuwa humo Wanyoro walikuwa wengi. Katiba ya 1962 badala yake iliagiza kura ya maoni, baada ya miaka miwili. Kabaka Mutesa II, Rais wa nchi tangu 1963, alianza kuwahamishia Ndaiga, katika Buyaga, Waganda waliokuwa askari zamani, ili waongeze kura za Buganda. Waziri Mkuu Milton Obote akaamua wapige kura wale tu waliokuwa kwenye daftari la 1962. Tarehe 4 Novemba 1964 masaza yote mawili yalichagua Bunyoro, Buyaga kwa wingi mkubwa. Siku chache baadaye polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu Nakulabye, Kampala. Michael Kintu, Katikkiro yaani waziri mkuu wa Buganda, akajiuzulu. Ufa kati ya Mutesa na Obote ukapanuka, hadi Mei 24, 1966, jeshi liliposhambulia Lubiri, kasri la Kabaka.

Ugomvi wa Waserbia na Waalbania juu ya Kosovo unasaidia kuona kura ile iliamua nini. Kule makaburi na watu walio hai wanavutana: Waserbia wanataja monasteri zao na vita vya 1389, Waalbania ndio wakazi walio wengi. Buyaga makaburi na walio wengi vyote vilikuwa vya Wanyoro, ndiyo maana kura ilitoa jibu wazi. Penye mgongano kama wa Kosovo, mfano Mubende ambako baada ya vizazi wengi walijiita Waganda, hakuna aliyeulizwa. Mubende imebaki Buganda.

Lakini hata jibu la Buyaga lilikuwa nusu. Kura ilihamisha mpaka, haikuhamisha hati. Mailo ilibaki kwa wenye mali waliokaa mbali. Wakiga, watu wa kusini-magharibi mwa Uganda, walipohamia kwa wingi eneo la Kibaale, yalimo masaza hayo mawili, tangu miaka ya 1970, walikuta ardhi ambayo Mnyoro anaiita yake bila karatasi, na mwenye karatasi haonekani. Mwaka 2002 Mkiga alipochaguliwa mwenyekiti wa wilaya, Wanyoro walimkataa, watu wakapigana, na ikabidi atafutwe mtu wa tatu.

Sheria ya Ardhi ya 1998 iliunda mfuko wa kuwanunua wenye mailo wasiokaa huko, ili mlimaji apate hati. Hiyo ndiyo kazi iliyochelewa tangu 1964, na inamhusu Mnyoro na Mkiga sawasawa. Atakayeimaliza atakuwa amelipa deni la Colvile, deni ambalo kura peke yake haikuweza kulilipa.