Bula Matari: Neno Hili Limetoka Wapi?

Wengi wenu mmesikia habari za Bula Matari, yaani Serikali ya Wazungu wa zamani. Lakini ni wangapi wajuao asili ya neno lenyewe? Si la Kiswahili, wala si la Kilingala. Ni la Kikongo, lugha ya watu wa Kongo ya chini. Bula ni kupiga au kuvunja. Matadi ni mawe, kama lilivyo jina la mji wa Matadi. Basi Bula Matadi ni Mvunja-mawe.

Aliyeitwa hivyo ni Bwana Stanley. Mwaka 1877 alikuwa amepita kwenye maporomoko yetu akishuka na mto. Mwaka 1879 akarudi Kongo, ametumwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na mwaka uliofuata akaanza kukata barabara toka Vivi hata Isangila, apate kuvusha mashua zake kando ya maporomoko ya huko. Nchi ile ni miamba mitupu. Mwenyewe aliandika ya kwamba wakubwa wa Vivi walimwona akiwafundisha watu wake kutumia nyundo kubwa, ndipo wakampa jina. Tena tusisahau: nyundo zile zilishikwa na wafanyi kazi, na wengi walitoka Unguja. Mawe walivunja wengi, jina akapewa mmoja.

Jina likapanda mto pamoja na merikebu. Desemba 1883 Stanley akaweka kituo hapa penye maporomoko. Ndio mwanzo wa Stanleyville, iitwayo Kisangani tangu 1966. Mwaka 1885 ikaundwa Dola Huru ya Kongo chini ya Leopold, na hapo neno likageuka. Halikuwa tena la mtu mmoja, bali la kila Mzungu wa Serikali, na la Serikali yenyewe, pamoja na askari wake, na kodi yake, na mpira wa msituni uliodaiwa kwa fimbo na bunduki. Ubelgiji ikaitwaa nchi mwaka 1908, jina likabaki. (Kilingala kina neno jingine la Serikali, leta, lililotoka katika Kifaransa. Msemaji wa Kiswahili hakosi kucheka kidogo, maana kwetu leta ni amri.)

Wazungu wengi walilihesabu kuwa sifa ya nguvu. Waliokimbilia msituni kwa sababu ya mpira hawakulisikia hivyo. Stanley alikufa mwaka 1904, na katika kaburi lake huko Pirbright, Uingereza, wakalichonga juu ya jiwe, chini ya jina lake: Bula Matari.