Mkataba Usiofika Kisesa: Kanuni za Kazi na Kinga ya Mafundi Rangi dhidi ya Madini ya Risasi, 1921 hadi Sasa

Utangulizi

Kisesa ni mji mdogo wa wilaya ya Magu, mashariki mwa jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Watafiti wengi wanaufahamu kwa Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora na kwa utafiti wa muda mrefu wa afya ya jamii ulioanza mwaka 1994. Lakini Kisesa, kama miji mingine iliyo pembezoni mwa Mwanza, ni pia mahali pa kazi pa mafundi ujenzi. Nyumba inapokaribia kukamilika huitwa fundi rangi. Nyumba ya zamani inapochakaa huitwa yeye huyo huyo kukwangua rangi iliyopo kabla ya kupaka mpya. Insha hii inachunguza kwa kiasi gani sheria za kazi zimemlinda fundi huyo dhidi ya madini ya risasi. Hoja yake kuu ni kwamba kinga iliyobuniwa kimataifa mwaka 1921 ilijengwa juu ya mihimili miwili, yaani mwajiri anayejulikana na mahali pa kazi panapokaguliwa. Fundi wa Kisesa kwa kawaida hana mwajiri wala mahali pa kazi pa namna hiyo.

Sumu na Njia Zake

Risasi huingia mwilini mwa fundi kwa njia kuu mbili: vumbi analovuta anapopiga msasa au kukwangua rangi kavu, na mabaki yanayobaki mikononi anapokula au kuvuta sigara. Madhara yake, miongoni mwa mengine, ni maumivu makali ya tumbo, upungufu wa damu, shinikizo la damu, kudhoofika kwa figo, na katika hali nzito kulegea kwa viganja kutokana na kuharibika kwa neva. Shirika la Afya Duniani linashikilia kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Aidha, vumbi hilo halibaki kazini. Hufika nyumbani katika nguo za fundi, likamgusa anayezifua na watoto wanaomkimbilia baba yao anaporudi.

Mkataba wa 1921 na Mipaka Yake

Mnamo Novemba 1921, Mkutano wa Kimataifa wa Kazi uliofanyika Geneva ulipitisha Mkataba Namba 13 kuhusu matumizi ya risasi nyeupe katika kazi ya rangi. Risasi nyeupe ni unga mweupe utokanao na madini hayo, ambao kwa karne nyingi ulipendwa kwa kufunika vizuri na kudumu. Wawakilishi wa wafanyakazi walitaka marufuku kamili. Upande wa waajiri ulipinga. Matokeo yakawa maafikiano: risasi nyeupe ilipigwa marufuku ndani ya majengo tu, na marufuku hiyo ikapewa muda wa miaka sita kabla ya kuanza, hadi Novemba 1927. Unga wenye risasi isiyozidi asilimia 2 uliendelea kuruhusiwa.

Palipoendelea kuruhusiwa matumizi ya risasi, Mkataba uliagiza hatua ambazo hata leo zinaeleweka kwa fundi yeyote. Risasi nyeupe isitumiwe ikiwa unga mkavu, bali ikiwa imekandwa au ikiwa rangi iliyo tayari. Vumbi la kukwangua na kupiga msasa pakavu lizuiwe. Wafanyakazi wapewe mahali pa kunawa, wavae ovaroli, na nguo zao za nyumbani zitunzwe zisichafuke. Wagonjwa waripotiwe na takwimu zao zikusanywe. Vijana wa kiume walio chini ya miaka 18 na wanawake wote walizuiwa kufanya kazi ya rangi ya kiviwanda inayotumia risasi nyeupe.

Mkataba huo ulikuwa na mwanya mmoja wenye uzito wa pekee kwa historia ya Mwanza: uliruhusu vituo vya reli na majengo ya viwanda yaachwe nje ya marufuku pale mamlaka ilipoona ni lazima, baada ya kushauriana na vyama vya waajiri na wafanyakazi. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na uchumi wa pwani ya kusini ya ziwa ulijengwa juu ya viwanda vya kuchambua pamba. Kwa maneno mengine, hata kama Mkataba ungetumika huko, sehemu kubwa ya majengo makubwa ya enzi hiyo yangeweza kuachwa nje. Zaidi ya hayo, Mkataba haukugusa risasi nyekundu, iliyotumiwa na mafundi wa meli na madaraja kukinga chuma dhidi ya kutu.

Tanganyika: Sheria Iliyosimama London

Uingereza haikuridhia Mkataba Namba 13. Badala yake ilitunga sheria yake ya mwaka 1926, iliyochagua kudhibiti matumizi ya rangi yenye risasi katika majengo badala ya kuyakomesha. Uamuzi huo ulikuwa na athari mbali na London. Kwa mujibu wa Mkataba wa Versailles, dola ilitakiwa kuitumia katika makoloni na maeneo yaliyo chini yake mikataba ya kazi iliyoiridhia, tena kwa kadiri mazingira ya huko yalivyoruhusu. Usioridhiwa haukuwa na njia hiyo ya kusafiri. Hivyo Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Shirika la Mataifa, haikuurithi Mkataba huo, na ilipojiunga na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1962 haukuwamo miongoni mwa majukumu iliyoyapokea.

Sheria za ndani zilikuja kwa kuchelewa. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilitungwa mwaka 1948 na sheria ya viwanda mwaka 1950. Zote mbili zilimtazama mtu aliyeajiriwa, na ya pili, kama jina lake linavyoonyesha, ilianzia kwenye kiwanda.

Kutoka Kiwandani hadi Mahali pa Kazi

Baada ya nusu karne, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003 ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda, ikapanua mtazamo kutoka kiwanda hadi mahali pa kazi kwa ujumla. Inadai usajili wa mahali pa kazi, ukaguzi na uchunguzi wa afya za wafanyakazi, na wakala unaoisimamia, OSHA, una ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 katika mazingira hatarishi, hata katika sekta isiyo rasmi. Sheria ya Fidia ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko unaochangiwa na waajiri. Tanzania pia iliridhia mwaka 1999 Mkataba Namba 170 kuhusu usalama katika matumizi ya kemikali kazini.

Huu ni mfumo mpana kuliko ule wa mwaka 1950. Hata hivyo, utekelezaji wake bado unaanzia pale pale: kwenye rejista. Kampuni inayojenga ghorofa Mwanza mjini inaweza kufikiwa na mkaguzi. Nyumba ya vyumba vitatu Kisesa, inayopakwa rangi kwa siku nne na fundi mmoja na msaidizi wake, haisajiliwi na mtu yeyote. Mwenye nyumba hajioni kuwa mwajiri. Kwake yeye amenunua kazi, kama alivyonunua mabati. Fundi naye, akipatana bei ya kazi nzima, huona msasa wa kulowesha maji, barakoa na sabuni kuwa gharama inayopunguza ujira wake. Msaidizi, ambaye mara nyingi ni kijana anayejifunza kazi, ndiye anayekabidhiwa kukwangua. Akiugua, maumivu yake ya tumbo yana maelezo mengine mengi yaliyo karibu zaidi na mawazo ya mganga wa zahanati kuliko risasi. Bila kuulizwa kazi yake, haingii katika takwimu. Na bila takwimu, hatari yenyewe huonekana kuwa haipo.

Kanuni ya Bidhaa

Mabadiliko makubwa yamekuja kwa mlango mwingine. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2009, ulioshirikisha rangi zilizouzwa Tanzania, ulionyesha kuwa tatizo lilikuwa hasa katika rangi za mafuta na si za maji. Rangi za mafuta ndizo zinazopakwa kwenye milango, mageti na grili za madirisha. Risasi iliyomo siyo tena ile nyeupe ya mwaka 1921 pekee. Mara nyingi hutokana na kemikali zinazotoa rangi kali za njano, chungwa na nyekundu. Mkataba wa zamani, kwa kushughulikia risasi nyeupe tu, usingezigusa.

Shirika lisilo la kiserikali la AGENDA la Dar es Salaam, pamoja na wadau wengine, lilisukuma mbele hoja ya kikomo, na viwango vya rangi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vimekuja kuweka ukomo wa sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi. Asilimia 2 ya mwaka 1921 ni sawa na sehemu 20,000 kwa milioni. Ingawa vipimo hivyo havifanani kabisa, kwa kuwa kimoja kilihusu unga wa kutengenezea rangi na kingine kinahusu rangi yenyewe, tofauti ya zaidi ya mara 220 inaonyesha umbali uliosafiriwa.

Nguvu ya kanuni ya bidhaa ni kwamba haimtafuti mwajiri. Kopo likiwa salama dukani, litakuwa salama mikononi mwa fundi aliyesajiliwa na asiyesajiliwa. Udhaifu wake ni kwamba inatazama mbele tu. Haiwezi kuondoa rangi iliyokwisha kupakwa kwenye milango na grili za miaka iliyopita, na hiyo ndiyo inayogeuka vumbi siku ya ukarabati.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa fundi rangi wa Kisesa alikosa kinga mara tatu kwa sababu tofauti: kwanza kwa sababu mtawala hakuridhia Mkataba, kisha kwa sababu sheria ilimtafuta kiwandani, na sasa kwa sababu rejista haimfikii. Kiwango cha sehemu 90 kimemkaribia kuliko sheria zote za kazi zilizotangulia, lakini hakimfundishi kulowesha ukuta kabla ya kuukwangua wala hakimpi maji ya kunawa. Masharti hayo madogo yaliandikwa Geneva mwaka 1921, na hayahitaji maabara wala fedha nyingi. Yanachohitaji ni njia ya kumfikia fundi mahali anapopatikana kweli: katika duka la vifaa vya ujenzi anakonunua rangi, katika chuo cha ufundi, katika vikundi vya mafundi, na katika zahanati ambako swali la kwanza kwa mgonjwa lingekuwa, unafanya kazi gani.