Maji Yatokayo Juu

Miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba bahari ndiyo inayoila Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 huko Kilwa Kisiwani. Lakini UNESCO ilipoyaweka magofu ya Kilwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, mwaka 2004, ilitaja na maji ya mvua: huteremka, huchukua udongo, na kuta za ukingoni mwa genge hubaki bila msingi. Magofu yaliondolewa orodhani mwaka 2014, mvua haikuondoka. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata barabara kuu ya Lindi pale Somanga. Nakiri kosa langu, ndugu msomaji. Ukuta wa baharini peke yake hautoshi. Maji ya juu nayo yachimbiwe mfereji, la sivyo yatajitafutia njia.