Kukausha, Kuhifadhi, Kutunga

Mwaka 2017, katika bustani ya Kew jijini London, msanii Rebecca Louise Law alining'iniza maua 375,000 makavu, yametungwa kwenye nyuzi za shaba kutoka darini, watu wakawa wanapenya katikati yake. Kazi hiyo aliiita Life in Death. Nimejaribu kuieleza kwa Kiswahili, kalamu ikagoma kwenye neno la kwanza. Sanaa hii tuiite nini?

Kamusi inatupa "sanamu". Lakini ukitaja sanamu ya ua, msomaji anaona ua la mpingo au la saruji, si waridi lililowahi kunusiwa. "Uchongaji" ndio ulio mbali zaidi, maana hapa hakuna patasi. Wengine huandika "maua yaliyohifadhiwa". Sarufi haina kosa, ila neno lenyewe linanuka jalada la ofisi: tunahifadhi nyaraka, tunahifadhi mbuga, tunahifadhi ushahidi.

Wapemba hawahangaiki hivyo, maana wao hukausha maua kila msimu. Karafuu ni tumba la ua, nalo huchumwa kabla halijachanua. Hutolewa makonyo, huanikwa juani kwenye majamvi, hugeuzwageuzwa, na baada ya siku kadhaa huwa la kahawia, gumu kama msumari. Ichukue moja jikoni uitazame: vidole vinne vidogo vimeshikilia kidonge, na kidonge hicho ni petali zilizojikunja, hazikuwahi kufunguka. Ua likikauka, limejifia lenyewe. Likikaushwa, pana mkono wa mtu. Herufi chache tu, na maana imehama.

Huko Maluku, Indonesia, kwenye asili ya mkarafuu, mafundi wa Ambon waliunda vyombo vya baharini kwa karafuu hizohizo, vyenye matanga na wapiga makasia, karafuu kwa karafuu. Baadhi yake vimo katika makumbusho ya Ulaya hadi leo.

Nasi kitenzi cha kazi ya namna hiyo tunacho. Jioni, Mombasa au Unguja, sindano hupita kwenye matumba ya asumini yangali yamefumba. Yakifunguka usiku, koja limeshavaliwa. Huko ni kutunga. Hutungwa shanga, hutungwa samaki, hutungwa mashairi. Mtungaji hachongi wala hafinyangi. Anachukua kitu kikiwa kizima, anakitafutia jirani.

Kwa maua yanayozamishwa kwenye resini, kitenzi hiki hakifai. Hayo nitasema yamegandishwa. (Sandarusi lingekuwa neno tamu, lakini ile huchimbwa ardhini, na hii humiminwa kutoka koponi.)

Kazi za uzi na sindano, kama ile ya Kew, mimi nitaziandika "tungo za maua makavu". Mwenye neno zuri zaidi alilete, ila asituletee tena "hifadhi".