Mahmoud Bahmanyar: Daktari wa Kichaa cha Mbwa na Tauni

Agosti 1954, mbwa mwitu mwenye kichaa aliingia Sahneh, magharibi mwa Iran, akauma watu 29. Kumi na wanane waliumwa kichwani, mahali pa hatari kuliko pote kwa kuwa virusi havina safari ndefu kufika kwenye ubongo.

Walipelekwa Taasisi ya Pasteur, Tehran. Huko Dakta Bahmanyar na mkurugenzi Mfaransa, Marcel Baltazard, waliwapa wengi wao seramu yenye kingamwili pamoja na chanjo. Kati ya majeruhi wa kichwa, watano walipata chanjo tu: watatu walikufa. Kumi na watatu walipata na seramu: alikufa mmoja. Mtoto wa miaka sita aliyevunjwa fuvu alipona! Hadi leo, jeraha baya la mnyama mwenye kichaa hutibiwa kwa vyote viwili.

Bahmanyar aliisaka pia tauni miongoni mwa panya wa Kurdistan, na mwaka 1976 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa tauni aliouandika na Dan Cavanaugh.

Mwaka huohuo yeye na wenzake walitangaza matokeo ya chanjo mpya ya kichaa cha mbwa, iliyokuzwa kwenye seli za binadamu. Wairani 45 walioumwa vibaya na mbwa na mbwa mwitu wenye kichaa walidungwa. Hakuna aliyeugua.