Shaba, Kuta na Nyumba ya Magurudumu: Miji Mikongwe ya Ujerumani ya Kusini Itazamwapo kutoka Lubumbashi

Makala haya yanahusu jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, liko mbali mno na mji wetu: safari za watalii wanaozunguka miji mikongwe ya kusini mwa Ujerumani wakiwa na gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Nyumba ya namna hiyo inapokokotwa na gari jingine, wasemao Kifaransa miongoni mwetu huiita caravane. Neno hilo lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni msafara. Kiswahili hakikulihitaji, kwa kuwa kilikwisha kuchukua safari kutoka Kiarabu na kulizalia msafara. Hivyo basi jina lile lile tunalolitumia tuandikapo kwa Kifaransa juu ya misafara ya Wayeke na Waswahili iliyoingia Bunkeya kwa Msiri, ndilo analopewa leo mtu anayepeleka familia yake likizo.

Mfanano huo si wa neno tu. Mjerumani Paul Reichard alipofika Bunkeya mwaka 1884, naye pia alisafiri na nyumba yake; tofauti ni kwamba nyumba hiyo ilikuwa hema, na magurudumu yake yalikuwa vichwa na mabega ya wapagazi. Mzungu wa karne ya kumi na tisa aliyesifiwa kwa kuvuka bara la Afrika aghalabu alikuwa mpangaji katika nyumba iliyobebwa na wengine.

Huko Ujerumani kwenyewe, nyumba ya kukokotwa ina tarehe inayojulikana. Mwaka 1931, katika mji mdogo wa Isny, eneo la Allgäu, Arist Dethleffs, ambaye jamaa zake walikuwa mafundi wa kutengeneza mijeledi, aliunda nyumba ndogo ya kuvutwa na gari ili aweze kusafiri pamoja na mkewe, Fridel, aliyekuwa mchoraji. Kazi hiyo ikawa kiwanda, na sehemu ile ya kusini ikawa kitovu cha uundaji wa magari ya aina hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1950, njia ya watalii iitwayo Romantische Straße ilitangazwa, kutoka Würzburg hadi Füssen chini ya milima ya Alpi; hivi leo urefu wake ni takriban kilomita 460. Makusudi yake hayakufichwa: nchi iliyokuwa imeshindwa na kuchukiwa ilitaka kuonyesha sura nyingine, na miongoni mwa wageni wa kwanza walikuwamo askari wa Marekani waliokuwa wakikaa huko pamoja na jamaa zao.

Mji unaopendwa kupita yote katika njia hiyo ni Rothenburg ob der Tauber. Mgeni huacha gari lake nje ya lango, maana vichochoro vya ndani havikukatwa kwa ajili ya gari lenye upana huo, kisha hutembea juu ya ukuta. Huambiwa kwamba anauona mji wa zama za kati kama ulivyokuwa. Kauli hii yataka kupimwa. Mji ulisalia na sura yake ya kale kwa sababu ulifukarika: Vita vya Miaka Thelathini (1618-1648) viliukausha, na kwa muda mrefu baadaye hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Umaskini ndio uliokuwa mtunzaji wa makumbusho hayo. Kisha, tarehe 31 Machi 1945, ndege za Marekani ziliupiga kwa mabomu, na sehemu kubwa ya upande wa mashariki ikateketea pamoja na kipande kirefu cha ukuta. Kilichojengwa upya kilijengwa kwa michango, na majina ya wachangiaji kutoka nchi mbalimbali yamebandikwa ukutani. Mtalii mwenye macho, basi, hasomi karne ya kumi na nne peke yake. Anasoma pia hati ya deni ya karne ya ishirini.

Dinkelsbühl na Nördlingen, uliojengwa ndani ya shimo lililochimbwa na kimondo yapata miaka milioni 15 iliyopita, tutaipita. Tukae Augsburg, kwa kuwa hapo ndipo njia hii inapotuhusu sisi.

Mgeni wa Augsburg huonyeshwa kwanza Fuggerei, mtaa wa nyumba za maskini ulioanzishwa na tajiri Jakob Fugger mwaka 1521. Watu wanaishi humo hadi leo, na kodi ya mwaka, ukiacha gharama nyingine, haifiki hata yuro moja. Ni jambo la kusifiwa, wala hatuna haja ya kulibeza. Lakini utajiri wa Fugger ulitoka wapi? Ulitoka katika mikopo kwa wafalme, katika fedha ya Tirol, na katika shaba: shaba ya Tirol, na hasa ile ya milima ya Slovakia ya leo. Shaba hiyo ilipelekwa Antwerp na Lisbon, na Wareno wakaipakia majahazini kuja Afrika na kwenda Bara Hindi. Mwaka 1548 warithi wa Jakob walitiliana mkataba na Mfalme wa Ureno wa kumpatia bangili na vyungu vya shaba njano kwa ajili ya biashara ya Guinea, ambamo wanadamu pia walikuwa bidhaa. Mwaka 2008, karibu na Oranjemund huko Namibia, wachimbaji wa almasi walifukua mabaki ya jahazi la Kireno la miaka ya 1530. Ndani yake mlikuwa na zaidi ya tani 16 za shaba, na vipande vyake vina alama ya Fugger.

Kwa msomaji wa Lubumbashi, habari hii haiwezi kuwa ya kawaida. Katika karne zile zile mafundi wetu waliyeyusha shaba na kuitia katika kalibu za misalaba. Makaburi ya Sanga, katika bonde la Upemba, yanashuhudia jinsi misalaba hiyo ilivyothaminiwa. Masultani wa Kilwa nao walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Afrika haikuwa ikingoja kufundishwa thamani ya madini haya.

Na Kilwa ndiyo sehemu ya hadithi ambayo mtalii aghalabu hasimuliwi. Merikebu za Francisco de Almeida zilipong'oa nanga Lisbon mwezi Machi 1505, tatu kati yake zilikuwa zimegharimiwa na wafanyabiashara wa Kijerumani na wa Kiitaliano. Nyumba ya Welser ya Augsburg ilitoa cruzado 20,000. Ya Fugger ilitoa 4,000. Imhof na Hirschvogel wa Nuremberg nao walikuwamo. Mwezi Julai Kilwa ilitekwa na kuporwa, Amir Ibrahim akakimbia, na Wareno wakaanza kujenga ngome. Mwezi Agosti Mombasa, iliyopigana kwa ushujaa, ilichomwa moto.

Tusidai kupita kiasi. Wafanyabiashara hao walitafuta pilipili, si Kilwa, na fungu la Fugger lilikuwa dogo; anayesema kwamba Fuggerei ilijengwa kwa mali ya Waswahili hatakuwa na ushahidi. Hata hivyo mtaji wa Augsburg ulikuwamo katika msafara ule, na mawakala wake walikuwa ndani ya merikebu, wakitazama na kuandika. Mmoja wao, Balthasar Springer, alichapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1509. Mwaka uliotangulia, Hans Burgkmair, mchoraji wa Augsburg, alikuwa amechonga picha za Waafrika na Wahindi kwa kufuata habari za safari hiyo hiyo. Picha hizo zilifunza watu wa Ulaya jinsi ya kutuwazia, kabla ya wengi wao kumwona hata mmoja wetu.

Springer alizaliwa Vils, mji mdogo wa Tirol ulio jirani kabisa na Füssen. Yaani mtalii anayefika mwisho wa njia yake, akaegesha nyumba yake ya magurudumu na kuinua macho kwenye milima, yuko karibu na alikozaliwa mtu aliyeiona Mombasa ikiungua. Kutoka hapo hadi Munich ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Katika maktaba ya taifa ya jimbo la Bavaria mjini humo imehifadhiwa hati ya Kireno iliyokusanywa na Valentim Fernandes, ambayo ndani yake mna taarifa ya Hans Mayr, aliyesafiri katika merikebu São Rafael. Humo Mayr anaeleza nyumba za mawe za Kilwa, bustani zake na misikiti yake, kama alivyoikuta kabla askari hawajaimaliza kazi yao.